Fundi Aliyeziba Paa la Baba Yake

Wesley Okuku aliichukia kutu kama watu wengine wanavyomchukia mchawi. Akiona waya wa shaba umeota ule ukungu wa kijani, alitema mate pembeni, kisha akachomoa kisu. Alikuwa fundi wa spika, zile za mdomo mpana zinazotundikwa nje, na kazi hiyo ilimzungusha kutoka Homa Bay hadi Migori. Miaka hiyo ya tisini kila kanisa, hata lile ambalo waumini wake wote wangetosha kwenye mkeka mmoja, lilitaka sauti yake isikike ng'ambo ya mto.

Zamani kanisa liliita watu kwa ngoma. Ngoma ikinyeshewa, uliiwashia majani makavu ikaota moto, nayo ikarudi kuimba. Haikudai betri ya gari. Lakini wapigaji walizeeka, ngozi zikaliwa na panya, na vijana wakaona haya kushika mijiti mbele ya wasichana. Wakanunua mdomo wa bati. Mdomo wa bati nao una maradhi yake: hauwezi umande.

Maradhi hayo ndiyo yaliyomlisha Wesley. Hewa ya ziwani ni nzito na yenye maji. Waya uliounganishwa Januari, ifikapo mvua za Aprili umeshaoza, na spika inakoroma kama mzee mwenye pumu. Mafundi wa haraka walisokota nyaya mbili, wakazifunga karatasi ya nailoni, wakaenda zao. Wesley hakufanya hivyo. Alikwangua shaba hadi ing'ae, akaisokota, akailehemu, akaipaka grisi, akaifunga tepu nyeusi. Juu ya tepu alikaza utepe wa tyubu ya baiskeli, akianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukimlalia mwenzake kama nyasi za paa, maji yateleze nje. Na kabla waya haujaingia nyumbani, aliuachia tumbo lining'inie, ili tone lifike pale, lidondoke, lisiufuate waya hadi ndani.

"Maji ni kama mgeni mwenye njaa," alipenda kuwaambia wenye makanisa. "Hangoji kufunguliwa mlango. Mwonyeshe ufa tu."

Nyaya alizijua. Kwao hakukujua sana. Alizaliwa Rangwe, lakini akiwa bado hajang'oa meno ya utoto mjomba wake alimchukua akakae naye Kisumu, kwenye nyumba za kupanga zilizoshikana kama mahindi kwenye gunzi, mabati juu, saruji chini. Huko ndiko alikojifunza redio. Dholuo chake kilikuwa cha kununulia samaki, si cha kuulizia mambo. Watu wa nyumbani nao hawakumweleza, maana kuna mambo ambayo mtu hadhani yanahitaji kuelezwa, kama vile mkono upi ni wa kulia.

Aliporudi alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto. Mkewe Pauline alikuwa Mkuria wa upande wa Migori, mwepesi wa kucheka, na binti yao aliitwa Terry. Baba yake, Jaduong', yaani Mzee, Zablon Okuku, aliwapokea vizuri akawaonyesha mahali pa kujenga simba karibu na lango. Lakini simba ni nyumba ya kijana tu, ndani ya boma la baba. Unaweza kukaa humo hadi nywele zikawa nyeupe, na bado ukaitwa mtoto. Ili mwanamume awe na boma lake, lazima baba yake amtoe. Alfajiri moja baba hutangulia njiani na jogoo na shoka, mwana na mkewe wakamfuata na moto, hadi kiwanja kipya, na baba ndiye anayepiga shoka la kwanza. Asipotolewa na baba, hana boma.

Hilo ndilo Wesley alilolitaka kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kuomba njia kwenye lango la mtu mwingine. Zablon naye alikwisha kutamka: mtama ukivunwa, atamtoa. Kiwanja kilikuwa ng'ambo ya kijito, na Pauline hakuweza kungoja. Alikuwa ameshapanda miche ya ua kukizunguka, akawa anakwenda kuimwagilia maji kila jioni kama mtu anayenyonyesha.

Sasa, Zablon alikuwa na kanisa dogo la nyumbani, waumini wenye kanzu nyeupe, na kila Jumamosi mwinjilisti wao, jirani aitwaye Maurice, aliwaita watu kwa spika ambayo Wesley alimpa baba yake kuwa zawadi. Spika ilitundikwa juu ya mlingoti wa mkaratusi nyuma ya nyumba ya mama yake, Awino. Amplifaya na betri vilikaa ndani. Nyumba hiyo ilikuwa ya nyasi, ya duara, ya mwisho ya aina yake kwenye kilima kile. Majirani wote walikuwa wamehamia kwenye mabati yanayowapikia vichwa mchana na kuwanyima usingizi mvua ikinyesha. Wesley alipitisha waya kwenye ncha ya paa, mbuzi wasiutafune, akaweka kiungo ndani, juu kabisa, mahali alipoona pakavu kuliko pote.

Hapo ndipo kutu ilipomdhalilisha. Kila mvua ikinyesha, spika ya baba yake ilikoroma. Alifungua kiungo akakuta ukungu wa kijani. Akakwangua, akalehemu, akapaka grisi, akafunga. Mvua ikaja, ukungu ukarudi. Fundi wa makanisa ya watu, spika ya kwao inakohoa! Maurice alimtania mbele ya waumini: "Omera, ndugu yangu, labda hii spika yako nayo inahitaji kubatizwa tena."

Wiki ile Zablon alikuwa Sindo, amekwenda kumtazama dada yake Achieng aliyeumwa miguu. Awino alikuwa Uriri kwa binti yao Caren, aliyejifungua. Boma lilibaki na Wesley, Pauline na mtoto. Mvua kubwa ilipiga Alhamisi. Ijumaa Wesley aliweka ngazi, akapanda, akalala kifudifudi juu ya nyasi na kutazama kwa makini. Akaona. Katikati ya ncha ya paa ulisimama mti mrefu uliochongoka, mweusi kwa moshi na miaka. Maji yalikuwa yakitelemka na mti huo, yakipenya pale ulipotoboa nyasi, yakidondoka tone kwa tone juu ya kiungo chake.

"Nimemkamata mwizi!" alipiga kelele.

Pauline alitoka akijikinga jua kwa mkono. "Yuko wapi, Baba Terry?"

"Huu mti. Ndio unaoleta maji ndani."

"Kwani ni wa nini?"

"Pambo tu. Wazee walipenda mapambo."

Angeweza kuusogeza waya. Hatua chache upande wa pili wa paa, na mambo yangekwisha. Lakini watu wa siku hizi, kitu chao kikigongana na kitu cha zamani, hawajiulizi kipi kisogee. Aliutikisa mti, ukagoma. Akautikisa tena, ukatoka na vumbi jingi. Akautupa chini. Akalikata debe la mafuta, akalikunja likawa kofia, akaipaka lami chini na kuifunika ncha ya paa. Kisha akakitengeneza kiungo upya, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia hata kwa waliomlipa vizuri. Aliposhuka, Pauline alilitazama paa na kuguna.

"Linang'aa kama kichwa kilichonyolewa," alisema, wakacheka wote wawili.

Asubuhi ya Jumamosi Wesley alikwenda sokoni Rangwe kutafuta grisi. Alikuwa kwenye kibanda cha mtengenezaji baiskeli, anaichezea kwa kidole kuona kama imechanganywa na mchanga, aliposikia spika ya kwao ikiamka. Alitabasamu. Haikukoroma hata kidogo. Sauti ya Maurice ilivuka kilima safi kama maji ya chemchemi. Kisha maneno yakamfikia.

"Ndugu zangu, mti mkubwa umeanguka. Jaduong' Zablon Okuku ametuacha. Njooni, njooni, Zablon ametuacha."

Grisi ilimdondoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza omena alijitwika mikono kichwani na kupiga nduru. Wengine wakaipokea, ikakimbia kutoka kibanda hadi kibanda.

"Si ni baba yako, fundi?" mtengenezaji baiskeli alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa mzima," Wesley alisema. "Aliondoka hapa mzima. Alikwenda kumtazama mgonjwa."

"Kifo hakiulizi nani mgonjwa. Nenda nyumbani, ndugu yangu. Acha hiyo grisi, nenda."

Alikimbia. Njia nzima ile sauti ilimpiga usoni, wazi, bila mkwaruzo, ikilitaja jina la baba yake. Aliwaza ile alfajiri ambayo sasa haitakuja. Halafu akajichukia kwa kuiwaza, baba hajawekwa hata kaburini.

Boma lilijaa. Wanawake walikuwa wakizunguka nyumba ya Awino mbio, wameshika matawi. Vijana walikuwa wameswaga ng'ombe uani kama inavyofanywa mzee akifa. Pauline alikuwa amekaa chini mlangoni mwa simba, Terry amemng'ang'ania shingoni, macho yamemvimba.

"Nani aliyeleta habari?" Wesley alimuuliza akihema. "Ni simu? Ni mtu wa Sindo?"

"Sijui. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta wanalia. Nikalia."

Alimshika Maurice bega. "Nani alikwambia?"

Maurice alimtazama kwa huruma, machozi yakimtiririka. "Niliambiwa na nani tena, ndugu yangu? Nilikuja na funguo kuwaita watu wa sala, nikaona kwa macho yangu."

"Uliona nini? Baba yuko Sindo!"

"Niliona nyumba."

Akamuuliza mama wa jirani. Naye aliona nyumba. Akamuuliza kijana mwenye ng'ombe. Aliambiwa na shangazi yake, na shangazi aliona nyumba. Wesley alizunguka uani kama mtu aliyepotewa na ufunguo, akiuliza na kujibiwa neno lile lile, mpaka akamfikia Jaduong' Ondiek, rika la baba yake. Mzee huyo hakuwa akilia. Alikuwa amesimama na fimbo yake, shingo ameinyoosha, anatazama ile kofia ya debe.

"Wewe," Ondiek alisema bila kumgeukia, "nani aliyeutoa osuri?"

"Osuri ni nini, jaduong'?"

Mzee alifumba macho kama aliyechomwa mwiba. Akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kama unavyomweleza mgeni, naye alikuwa mtoto wa boma lile. Mti ule juu ya paa ni mwenye nyumba. Ukisimama, mume yu hai, hata kama yuko mbali, hata kama amekaa ughaibuni miaka mingapi. Siku akifa ndipo huondolewa. Mpita njia akiona paa halina osuri, hahitaji kuuliza, anaanza kulia.

Furaha ilijaribu kumpanda Wesley kwamba baba yu hai, lakini ilikwama mahali, maana aliziona nyuso zikigeuka moja moja kumtazama.

"Maji," alisema hatimaye. "Maji yalikuwa yanaingia kwenye waya."

"Kwenye waya," Ondiek alirudia. "Basi na huo mti uko wapi, tuurudishe haraka kabla mwenyewe hajafika?"

Wesley alimtazama Pauline. Pauline alimtazama Wesley. Yule mwanamke hakujua kudanganya.

"Nilidhani ni kuni," alisema. "Nilipikia ugali jana."

Hakuna aliyepiga nduru safari hii. Bibi mmoja alijifunika uso kwa leso, akageuka, akatoka langoni bila kuaga, na wenzake wakamfuata. Hata Maurice, mtu wa Biblia, aliyekuwa akihubiri kila Jumamosi kwamba mila ni giza, alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba simba ile ilikuwa na ndui. Mti wa mwenye boma, umeng'olewa na mwanawe, umepikiwa chakula, kikaliwa.

Zablon alifika asubuhi ile ile. Habari zake zilikuwa zimemlaki tangu barabarani: mtu wa kwanza aliyekutana naye alitupa baiskeli na kukimbia, wa pili alimgusa mkono kwanza ndipo akaitikia salamu. Alitembea hadi langoni kwake akasimama. Alilitazama paa. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia ya manyoya iliyochakaa.

"Usiingie," Ondiek alimwambia. "Umeshaliliwa. Huwezi kuingia humu mpaka tukusimamishe tena."

"Nani aliniteremsha?"

Wesley alijitokeza. Alitaka kupiga magoti, akaona kwamba mtu hupigia magoti kaburi, akabaki amesimama. "Ni mimi, baba. Sikujua. Naapa sikujua. Nilikuwa natengeneza spika."

"Niliisikia," Zablon alisema. "Nilikuwa nashuka garini. Inasikika vizuri sasa."

Kama angetukana ingekuwa nafuu. Wengine walisema ataugua chira, maradhi ya mwiko uliovunjwa, na kukonda hadi afe kweli. Wengine walisema atakayekonda ni mwana. Ondiek alisema osuri mpya lazima uchongwe na watu wa rika lao, na katika rika hilo waliobaki ambao bado wanaweza kupanda ngazi walikuwa wa kutafutwa. Mmoja alikuwa kipofu. Mwingine, wanawe walimkataza, wakisema ni ushenzi. Basi Zablon alilala nje ya boma lake, kwenye kibanda cha mchunga ng'ombe, kama msafiri.

Asubuhi Pauline alimpelekea uji. Mzee alikuwa ameshika kibuyu, anakunywa, aliposikika mwanamke akija kutoka barabarani. Ilikuwa Awino. Habari zilikuwa zimefika Uriri na makanga wa gari, naye aliondoka na nguo aliyovaa, bila viatu. Alikuwa amelia hadi sauti ikawa nyufa tupu. Alimpita mumewe kwanza, hakumwona, kwa kuwa macho yake yalikuwa juu ya nyumba. Halafu akasikia kikohozi alichokijua. Akageuka.

Wesley alidhani mama yake atacheka, au atamrukia. Awino alisimama tu, mkono mdomoni.

"Ni mimi, Mama Wesley," Zablon alisema. "Sijafa. Ni makosa."

"Makosa ya nani?"

Akafuata macho ya watu hadi kwa mwanawe. Akaketi chini palepale mavumbini.

"Zablon, nimekulilia njia nzima," alisema. "Nilipita Rongo nakulilia. Kila jambo lako nimelitaja, lile zuri na lile baya, nimelimaliza. Watu garini walilia na mimi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sasa siku yenyewe ikija, nitakulilia na nini?"

Zablon aliweka kibuyu chini. Mambo mengine yote aliyokuwa ameyasikia tangu jana aliyavumilia, lakini hilo lilimwingia.

Mchana yule kipofu aliletwa na mjukuu wake akauchonga mti kwa kupapasa, na Ondiek mwenyewe, magoti yakimlia, akapanda ngazi na kuusimika. Kofia ya debe aliitupa huko. Waya aliukata kwa panga, wala hakuna aliyemzuia. Zablon akaingia langoni kwake akitembea kinyumenyume, kama alivyoagizwa.

Siku zilipita, mtama ukavunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani. Wesley alingoja kuitwa. Hakuitwa. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa baba yake jioni moja, akakaa kwenye kigoda cha chini.

"Baba, nimekuja kuuliza juu ya kile kiwanja."

"Kiwanja ni chako."

"Na kutolewa?"

Zablon hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Wesley.

"Sikuchukii, mwanangu. Najua hukujua. Mimi pia nina kosa, nilikupeleka mjini ukiwa mdogo nikadhani damu itakufundisha. Lakini nitashika jogoo niwatangulie vipi? Kwenye boma utakalojenga, watoto watauliza nani alilifungua. Watajibiwa ni yule mzee aliyekufa. Boma la namna hiyo halikai."

"Sasa nani atanitoa?"

"Wapo ndugu zangu. Mtu ambaye baba yake hayupo, baba zake wadogo humtoa."

"Lakini wewe upo."

"Ndiyo," Zablon alisema. "Nipo."

Wesley alirudi simbani. Pauline alikuwa ameketi kizingitini na ndoo ya maji, tayari kwenda kumwagilia ile miche ya ua, ambayo ilikuwa imefika kifuani sasa.

"Amesema lini?"

"Amesema tungoje."

"Tungoje nini, Baba Terry?"

Alifungua mdomo amwambie, kisha akasikia ni neno gani lililokuwa ulimini mwake: kifo cha baba. Akaichukua ndoo mkononi mwa mkewe, akatangulia kijitoni, ili asiulizwe tena.